Mnusa Gesi Anayetafuta Pua Yake

Ting, ting, ting. Kijiko kinagonga bakuli la bati, taratibu, kama cha mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Ni saa kumi na nusu alfajiri na jikoni bado ni giza totoro.

Taa haijawashwa, wala haitawashwa mpaka kazi hii iishe. Mwanamume wa miaka arobaini na minne amepiga magoti mbele ya mtungi wa gesi ya kupikia. Anakoroga sabuni ya unga kwenye maji mpaka povu linasimama. Anachovya vidole, analipaka povu shingoni mwa mtungi, kwenye mpira, kisha kwenye kiungo cha jiko. Halafu anavuta pazia ili mwanga wa taa ya mtaani uingie, anainamisha kichwa na kungoja. Kiputo kimoja kikivimba, basi gesi inavuja.

Hakuna kinachovimba. Hata hivyo hawashi kiberiti.

Miguu midogo inasikika sakafuni. Ni binti yake wa miaka saba, ambaye nyumbani wanamwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umeamka? Utamwamsha mama."

"Nimesikia kijiko." Anainama kando ya baba yake, anaweka pua karibu na mtungi na kuvuta hewa kwa kelele. "Hamna kitu. Washa."

"Una hakika?"

"Mimi sina mafua, baba. Washa tu, nina njaa."

Ndipo anapowasha. Kwa miaka kumi na saba pua ya mwanamume huyu iliaminiwa kuliko zote katika kiwanda kizima. Leo haiwezi kumwambia kama gesi inavuja jikoni kwake mwenyewe.

Wenzake kazini wanamwita Pua, na jina hilo hawakumpa kwa kumdhihaki. Anafanya kazi katika kiwanda kinachochachusha molasi, ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatengenezwa, ili kupata spiriti ya kusafishia vidonda hospitalini. Molasi ikichacha, matangi hutoa pia gesi nyingi sana. Ni kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa kifuani tukipumua, ile ile inayoumua mkate na kuifanya soda isisimue ulimi.

Zamani gesi hiyo ilipanda kwenye bomba la paa na kwenda zake angani. Siku hizi inakamatwa.

"Watu wakisikia nakamata gesi wananiuliza, unaikamata na nini, wavu?" anasema Pua akicheka. "Nawaambia, kwa bomba na subira."

Inavutwa kutoka juu ya matangi, inaoshwa kwa maji ndani ya mnara mrefu, inapitishwa kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, kisha kompresa inaishindilia na mashine ya baridi inaipoza mpaka inageuka kuwa kimiminika. Kilo mia tatu kila saa. Nyingine inakwenda kwenye vizima moto, nyingine inagandishwa kuwa barafu kavu ya kusafirishia chanjo, na iliyo nyingi zaidi inakwenda kwenye kiwanda cha soda kilicho upande wa pili wa barabara.

"Hao jirani zetu walikuwa wanaagiza gesi hii hii kwa lori, safari ya siku mbili," anakumbuka. "Na sisi huku tunaiachia ipae. Ni kama umwage maji mlangoni kwako, halafu ubebe ndoo kwenda kisimani."

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha haina harufu. Kila asubuhi, kabla mtungi wa kwanza haujajazwa, gilasi ya maji safi huwekwa mezani na gesi hupulizwa ndani yake kwa dakika tano. Maji hayo hunuswa, kisha huonjwa funda moja. Yakiwa hayana harufu wala ladha ila ule uchachu mwembamba, Pua huweka sahihi na vali kufunguliwa. Bila sahihi yake, hata lori likipiga honi mpaka betri iishe, halitoki.

Mashine ya kupima ipo. Lakini Pua anasema mashine inajua vitu vinne tu ilivyofundishwa, na pua inajua hata kitu ambacho bado hakijapewa jina.

Aliingia kiwandani kama kibarua wa kubeba mitungi. Siku ya kwanza alifanya kosa ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya mara moja tu maishani: aliinusa gesi moja kwa moja kwenye vali. Kaboni dioksidi nzito ikiingia puani hupiga kama ngumi iliyochovywa kwenye siki. Alikaa chini, machozi yakimtiririka, wenzake wakishika mbavu kwa kicheko.

"Nilipopata sauti nikasema, 'Lakini ina harufu ya mpira mpya,'" anasimulia. "Kicheko kikakatika. Kumbe alfajiri ile fundi alikuwa amebadilisha mpira wa kiungo, na hakumwambia mtu."

Wiki iliyofuata alikabidhiwa gilasi.

Hata mke alimpata kwa pua. Mama Chiriku anafanya kazi kwenye tanuri la mkate, na enzi hizo alikuwa akipita kila jioni nje ya ukuta wa kiwanda. "Nasikia sauti ng'ambo ya ukuta: 'Leo mmeoka ule wa maziwa!'" anasema mama huyo, akifunga kitambaa kichwani. "Nikajiambia, huyu ana wazimu. Kesho yake: 'Leo umeungua pembeni!' Na kweli, ulikuwa umeungua. Nikasema lazima nimwone huyu mwenda wazimu sura yake."

"Ukaiona, ukaridhika," anadakia mumewe.

"Nikaiona, nikakuonea huruma."

Wote wawili, wanapenda kusema, wanalishwa na pumzi ya hamira. Yeye anaikamata, mkewe anaiacha iumue unga.

Kisha, miezi kumi iliyopita, yakaja mafua. Yalikuwa ya kawaida kabisa, siku tatu za kulala na shuka kichwani. Siku ya nne Pua akarudi kazini, akapuliza gesi kwenye maji, akainama, akanusa. Akaonja. Akanusa tena, akatabasamu.

"Nikamwita Mkaa," anasema, na hapa sauti yake inashuka. "Nikamwambia, njoo uone, leo gesi ni safi kuliko siku zote tangu nianze kazi hii."

Mkaa ni rafiki yake, na jina hilo limetokana na kazi yake ya kubadilisha mkaa wa kuchujia. Siku hiyo alifurahi kusifiwa. Mashine ya kupima ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Pua akaweka sahihi, lori likavuka barabara.

Jioni, nyumbani, alikuwa amesimama mbele ya jiko akikoroga chai. Chiriku akaingia akiziba pua kwa vidole viwili. Maziwa yalikuwa yameungua mpaka moshi ulikuwa unamzunguka baba yake kichwani, naye anakoroga tu.

"Nikatazama sufuria nyeusi ile. Nikaelewa kwa nini gesi ilikuwa safi."

Hakusubiri kukuche. Alichukua simu palepale, akampigia Injinia, mama mwenye umri wa miaka hamsini na kitu anayekiongoza kitengo cha gesi, akamweleza yote. Lakini soda ilikwisha kutiwa gesi. Kreti mia sita zilikuwa na harufu ya mayai viza, na zote zilimwagwa kwenye mfereji. Mkaa wa kuchujia ulikuwa umechoka siku mbili kabla ya wakati wake. Pua ya kawaida ingeujua uchovu huo kabla gilasi haijafika mdomoni.

Kiwanda hakikumfukuza. "Aliyepiga simu mwenyewe usiku ule, ningemfukuzaje?" anasema Injinia. Lakini gilasi alinyang'anywa. Akahamishiwa kwenye kujaza mitungi, na ile posho ya kunusa, karibu robo ya kipato chake, ikakatwa. Chiriku akaacha kupanda basi la shule. Sasa anatembea dakika arobaini, na baba yake humsindikiza hadi kwenye kona ya pili.

Mwongozo wa kiwanda unampa mnusaji aliyeugua nafasi tatu za kupimwa upya. Mbele yake huwekwa gilasi tatu: moja ya gesi safi, moja yenye harufu ya molasi iliyochacha, moja yenye harufu ya mayai viza. Lazima ataje kila moja kwa jina. Mara ya kwanza alisema zote ni maji. Mara ya pili akasema zote ni maji. Leo ni mara ya tatu, na ya mwisho. Akishindwa, nafasi yake atapewa Mkaa, ambaye yeye mwenyewe amekuwa akimfundisha kwa miezi hiyo kumi.

Saa moja asubuhi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Mkaa anavaa buti bila kumtazama rafiki yake usoni.

"Sikiliza, kaka. Mimi ndiye ninayepanga gilasi."

"Najua."

"Nikifika kwenye ya mayai, nitakohoa. Kikohozi kidogo tu. Ya molasi nitajikuna shingo."

Pua anafunga kamba za viatu. "Na ile safi utafanya nini, utacheza ngoma?"

"Mimi sitanii! Unadhani nataka gilasi yako? Nitakula vipi posho ya mwanao?"

"Na lori likitoka kesho, utakuja kukohoa mbele ya mtungi?" Pua anasimama na kumpiga begani. "Kuna watoto wa watu wanakunywa ile soda, Mkaa. Panga gilasi zako, ukae kimya. Na kama una kikohozi kweli, usisogee karibu na meza yangu, mafua yalishanitosha."

Mkaa anacheka, lakini macho yake yamejaa maji.

Saa nne kamili Injinia anaingia na daftari, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Kompresa inanguruma nyuma ya ukuta, na sakafu inatetemeka kidogo chini ya nyayo. Juu ya meza nyeupe zimesimama gilasi tatu, zote zinang'aa, zote zinatoa viputo vyembamba.

Pua anaosha mikono kwa maji matupu. Anainamia gilasi ya kwanza. Anafumba macho. Anavuta hewa mara tatu, fupi fupi, kama alivyozoea, anaonja, anatema kwenye ndoo.

"Maji," anasema.

Ya pili. Anakaa nayo muda mrefu. "Maji."

Ya tatu anaiinamia, anavuta hewa, anainua kichwa ghafla kama aliyeitwa na mtu. Anainama tena. Jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo. Mkaa, kando ya ukuta, amejibana mdomo kwa kiganja. Hakohoi.

"Hii ina kitu," anasema Pua.

"Kitu gani?" anauliza Injinia.

Gilasi moja aliyoiita maji ina harufu ya molasi, kwa hiyo hata akiipatia hii ya mwisho, amekwisha kushindwa, na kila aliye chumbani anajua. Hata yeye anajua. Angeweza kusema mayai. Ni neno moja.

"Sijui," anasema. "Kuna kitu kwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Lakini nikisema najua ni nani, nitakuwa nakudanganya, mama."

Injinia anaandika. Anavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake, ingawa haikuwa na uchafu.

"Hujafaulu," anasema. "Mwongozo ni mwongozo. Lakini mwezi uliopita hii hii uliiita maji."

Pua anaitikia kwa kichwa. Anatoa mfukoni kitambaa cheupe, anachukua gilasi yake ya zamani kutoka kabatini, anaifuta na kumkabidhi Mkaa kwa mikono miwili.

"Usiioshe kwa sabuni hata siku moja. Chumvi na maji moto. Asubuhi usile kitunguu. Usijipake manukato."

"Mke wangu anapenda marashi, kaka. Nyumba nzima inanukia."

"Basi utalala sebuleni."

Sasa wanacheka wote, hata Injinia. Lakini Pua anapotoka kwenda kwenye mitungi yake, anasimama kidogo nyuma ya mnara wa maji na kushika bomba la baridi kwa mikono yote miwili. Kisha anavaa glavu.

Mitungi inamngoja kwa safu. Anauweka mmoja kwenye mizani, anafunga hozi, anafungua vali, na chuma kinaanza kupauka kwa ukungu wa barafu kuanzia chini kwenda juu. Anapaka povu shingoni mwa mtungi na kungoja, kama alivyofanya jikoni alfajiri.

"Sikupoteza kazi tu," anasema, macho yakiwa kwenye mizani. "Kichwa cha mtoto, unajua kinavyonukia akitoka kulala? Mke wangu akirudi kutoka kwenye tanuri? Miezi kumi, anaingia ndani kama picha. Namwona, simpati."

Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba pua iliyopotea wakati mwingine hurudi ikifundishwa upya, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Alimpa zoezi: vikopo vinne vya harufu kali, mara mbili kwa siku, macho yakiwa yamefumbwa. Mwalimu wake ni Chiriku. Hajawahi kukosa siku hata moja, na wala hana huruma na mwanafunzi wake.

Pua ana mpango mwingine pia, na kabla ya zamu kuisha anampelekea Injinia karatasi mbili alizoziandika kwa mkono. Anataka wanusaji wawe watatu, na kila asubuhi wawili wanuse kila mmoja peke yake bila kuambiana. Wawili wakikubaliana, ndipo vali ifunguliwe. Mwenye mafua asiguse gilasi kwa wiki mbili, na posho yake isikatwe, ili asiwe na sababu ya kuficha. Yeye yuko tayari kuwafundisha, mwenye pua na asiye nayo.

Injinia anasoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. "Wiki ijayo tunaanza," anasema. "Na kwenye nafasi ya tatu, ya mnusaji wa akiba, naacha jina wazi. Mwongozo hausemi chochote kuhusu akiba. Baada ya miezi mitatu njoo na pua yako tuione."

Saa moja na nusu jioni, nyumbani. Chumba cha mbele kina meza moja, viti vitatu, na dirisha linalofunguka kwenye ukumbi wa wapangaji. Chiriku amepanga vikopo vinne: ganda la chungwa, karafuu, kahawa, kipande cha sabuni. Baba yake amekaa karibu na dirisha, amefungwa macho kwa kitambaa cha shule.

"Umefaulu, baba?"

"Bado, mwanangu."

"Mjomba Mkaa ndiye aliyepata gilasi?"

"Mjomba Mkaa ameipata. Tumshangilie."

Chiriku anafikiri. "Tutamshangilia kesho. Leo tuna kazi. Hiki nini?"

Baba anavuta hewa. "Karafuu."

"Kahawa! Baba, unabahatisha. Nilishakukataza kubahatisha."

"Samahani, mwalimu."

"Vuta tena. Taratibu. Usifikirie kingine." Anakisogeza kikopo cha kahawa mpaka kinamgusa baba yake mdomo, kisha anakinusa na yeye, kwa sababu anakipenda.

Baba anavuta hewa. Halafu anainua mkono.

"Ngoja."

"Sema basi, ni nini?"

"Si hicho. Ngoja kwanza." Ameugeuza uso dirishani. Anavuta hewa mara tatu, fupi fupi. Kitambaa bado kiko machoni. "Mkate," anasema polepole. "Mkate wa maziwa." Anavuta tena. "Umeungua chini."

Chiriku anakimbilia dirishani na kunusa kwa nguvu zake zote. Pua yake imejaa kahawa. Hapati kitu. Ukumbi ni mtupu.

Kisha nyayo zinasikika kwenye ngazi, zile zinazoburuta kidogo mguu wa kushoto mwisho wa siku ya kusimama. Ufunguo unazunguka. Mama anaingia, kitambaa kichwani kina vumbi la unga, mkononi ana mkate uliofungwa kwa karatasi.

"Baba Chiriku, usianze kunicheka," anasema hata kabla ya kuvua viatu. "Tanuri leo limetufanyia vituko, nimepewa huu usiouzika." Anaufungua juu ya meza na kuugeuza. Chini ni mweusi kama sufuria.

Hakuna anayemcheka. Mumewe amekivuta kitambaa machoni, amesimama, anamsogelea kama anayevuka chumba gizani. Anainamisha uso kwenye bega lake, penye unga, na haliachi.

"Kuna nini?" anauliza mama, mikono ikiwa hewani. "Jamani, kuna nini?"

Chiriku anakiweka kikopo cha kahawa mezani, anakifunika vizuri.

"Baba leo amenusa kabla yangu," anasema.